Ombi Bila Jina

Mimi ni mwanamke wa hasira, sifichi. Mama yangu kule Kenya alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Nilipookoka nilikuwa tayari nimeolewa Kampala na askari polisi, mtu wa kaskazini, na ushirika wetu wa wanawake ndio ulionifundisha la kufanya na ngumi hizo. Kila Jumanne alasiri tulikutana kwangu, kwenye kota za polisi Nsambya, wanawake tisa juu ya mikeka, na kila mmoja alitoa nje kilichomkaa moyoni. Umemkasirikia jirani? Sema. Umeficha sukari ya magendo mgeni alipoingia? Sema. Tulisema, tukalia, tukaimba, tukakumbatiana, kisha tukanywa chai, hata ile kavu. Tuliita hivyo kutembea nuruni. Na kweli tupu, ilinisaidia.

Mume wangu hakuwa ameokoka. Alitucheka. "Nyinyi walokole, hata mkijamba mnatubu."

Mwaka ule, chini ya serikali ya wanajeshi, askari wenzake wa kwao kaskazini walianza kupotea. Mtu anaitwa nje ya ofisi mara moja tu, kofia yake inabaki mezani. Ilipobaki kofia ya tatu, mume wangu akanipa mpango wake. Angeomba ruhusa ya msiba, kwamba mama mkwe wake amefariki, ilhali mama yangu alikuwa mzima kabisa anapalilia mahindi. Angepanda basi la Kenya Alhamisi asubuhi, asirudi. Mimi na watoto tungefuata baada ya wiki mbili.

"Mama watoto, usimwambie mtu," akasema. "Hata hao ndugu zako wa nuru."

Nikaitikia. Niliishika siri ile siku mbili. Jamani, woga! Nikamchapa mtoto kwa kumwaga maji tu. Na katika ushirika tulifundishwa kwamba woga ukiufungia ndani, unaoza na kuwa dhambi. Jumamosi akaja rafiki yangu, Muganda aliyeuza nyanya Kalerwe. Huyu ndiye aliyenishika mkono siku niliyookoka. Ndiye aliyenizalisha mtoto wa pili, pale pale sakafuni, wakati barabara zimejaa vizuizi. Akaniangalia mara moja tu.

"Nnyabo, wewe iko na kitu," akasema.

Nikamwambia yote. Tukapiga magoti kando ya kitanda, tukaomba, nikainuka mwepesi. Siku hiyo hata chakula kilipita.

Alhamisi nilimsindikiza mume wangu mpaka kituo cha basi. Alivaa suti yake ya misiba na alishika kikapu cha mayai ya kuchemsha. Wanaume wawili wenye miwani myeusi wakapanda basi, wakaenda moja kwa moja kwenye kiti chake. Hawakuuliza kitambulisho. Wakamteremsha kwa adabu, mmoja kila upande, kama watu wanaomsaidia mgonjwa. Basi likaondoka, nami nikabaki nimesimama pale na leso mdomoni.

Jumapili nilikwenda Kalerwe. Ushirika mkubwa, wanaume kwa wanawake, ulikutana nyuma ya soko, uani kwa mzee mmoja. Nilitaka waniombee. Sijafungua hata mdomo, bibi mmoja akanishika mashavu.

"Pole, mwanangu," akasema. "Si ndiye yule polisi tuliyemwombea Jumapili iliyopita, avuke mpaka salama?"

Maskini, bibi wa watu alikuwa ananifariji. Mimi nilikuwa nimemwambia mtu mmoja tu. Nikamtafuta rafiki yangu kwa macho, nikamkuta anatazama miguu yake. Nikamvuta pembeni.

"Mimi nalisema ombi tu," akasema. "Sikutaja jina."

"Hukutaja jina! Ulisema nini basi?"

"Nalisema ndugu mmoja polisi, bibi yake dada yetu wa Kenya, atavuka Alhamisi."

Loo! Watu sitini uani, na yeye hakutaja jina! Wanawake wa Kenya waliookoka na kuolewa na polisi, Kampala nzima tulikuwa wangapi? Nani aliyapeleka mbele maneno yale sijui mpaka leo. Lakini mlango aliufungua yeye, mtu niliyempa siri nikiwa nimepiga magoti. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi wangu nilikuwa nimemkumbatia kila Jumanne.

Jumanne iliyofuata akasimama kwenye mkeka wangu, ndani ya nyumba yangu, akatubu. Alilia sana. Akasema amemwambia Yesu, na Yesu amemsamehe. Wenzetu wakaanza wimbo, wakanigeukia. Ndiyo desturi: aliyekosewa husimama, humkumbatia mwenzake, na wimbo hupanda. Kiongozi wetu akaninong'oneza, "Dada, tua mzigo msalabani."

Nikasimama. "Yesu amekusamehe, sawa," nikamwambia. "Yesu hana mume aliyechukuliwa. Tuko nuruni, nami nasema kweli: nakuchukia."

Wimbo ukakatika. Wakatoka mmoja mmoja, wakaacha chai kwenye birika.

Yeye hakuacha kuja. Kila asubuhi aliweka nyanya mlangoni. Mimi nilizipita, watoto wakazila.

Siku ya kumi na tisa tangu achukuliwe, saa nane mchana, lori lilimtupa mume wangu langoni mwa kota. Sikio moja halikusikia tena, na vidole vyake sitaki kuvieleza. Majirani walimbeba mpaka kitandani, wakaondoka upesi, wakiogopa kuonekana. Rafiki yangu akaingia bila kubisha hodi, akapita jikoni, akawasha jiko, akaanza kukoroga uji. Sikuwa na nguvu za kumfukuza.

Nilimnywesha mume wangu bakuli la kwanza, kijiko kwa kijiko. Alipofika nusu akanishika mkono.

"Ulimwambia nani?" akauliza.

Mimi, niliyekuwa nikitubu mbele za watu hata kwa kijiko cha sukari! Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na mwiko ulikuwa umeacha kukoroga.

"Sikumwambia mtu," nikasema.

Akaniamini, akafumba macho. Kule jikoni mwiko ukaanza tena. Rafiki yangu alikufa miaka mingi baadaye, baada ya mume wangu, na siri hiyo hakuwahi kuitolea ombi.