Bahasha iliyoniangusha nimeibeba mwenyewe

Nyie, leo nimejichoma kwa mikono yangu!

Nilikuwa na usaili hapa Mpanda, kazi ya kuhudumia wagonjwa wa akili.

Barua ya utambulisho aliniandikia baba mdogo, ndiye mtendaji wa kijiji chetu. Akaifunga kabisa kwenye bahasha. Mimi nikaibeba kama yai.

Mama wa usaili kaifungua, kasoma, kaniangalia.

“Uliwahi kushtakiwa kwa kuuza pombe ya gongo?”

Jamani, kesi ya zamani ile, na faini nililipa!

Baba mdogo kaandika hiyo tu. Hajaandika kwamba mkewe akichanganyikiwa, anayemwogesha na kumbembeleza anywe dawa ni mimi.

Natoka pale bila kazi, simu inaita. Baba mdogo huyo huyo.

“Mwanangu, mama yako mdogo kaanza tena. Wahi, anakutaja wewe tu.”

Niko stendi, tiketi ya kurudi kijijini Kibaoni mkononi.

Nyie mngeenda?