Fundi Yunusi na Jeneza Lililogoma Ruponda

Kitendawili! Hakina mikono, lakini kimekushika tangu ulipozaliwa, na hata ukipanda juu ya mti hakikuachii. Umeshindwa? Basi nipe mji, nikwambie mimi bibi yako: ni uzito.

Asubuhi hii, hapa Ruponda, fundi Yunusi Isihaka anatundika jeneza la msikiti kwenye springi ya kiti cha trekta. Ndani amepanga viroba vya mchanga badala ya maiti. Watu wamejaa mlangoni kwa mjane Mwanne.

Ijumaa iliyopita, jeneza hilohilo, likimpeleka marehemu Bashiri makaburini, liligoma mlangoni hapa. Wabebaji wanne walipiga magoti, wakisema limezidi uzito ghafla. Kwetu, jeneza likigoma, mwenye nyumba ndiye mchawi. Wazee wamempa Mwanne hadi kesho awe amehama.

Yunusi alikuwa fundi wa karakana ya mradi wa karanga, Nachingwea. Mradi ulipovunjwa mwaka wa hamsini na moja, alirudi na springi hiyo na swali moja: uzito waweza kupunguzwa? Huziba pancha za baiskeli apate riziki. Muda uliobaki hupima mawe, mara kilimani, mara kisimani, akitafuta mahali uzito unapopungua. Wakubwa wa karakana walimcheka.

"Nina mke mwenza, naye ni jiwe," asema mkewe, Sikuzani.

Jeneza hili limemnyima Yunusi usingizi. Kama kweli lilizidi uzito, basi uzito hubadilika, naye si mwendawazimu.

Kule msikitini alishalipima likiwa na mchanga huohuo, akaweka alama ya mkaa pale springi ilipofikia. Sasa anaachia kamba. Springi inashuka, inatikisika, inatulia. Palepale kwenye alama.

Anainama kuikagua alama.

"Nilitamani ipite alama, bibi," ananiambia kwa sauti ndogo. "Ingepita, ningekuwa nimepata jibu langu."

"Na Mwanne je?"

"Ndiyo maana naisema ilivyo."

Anawageukia watu. "Hakuna kilichozidi! Kiangazi hiki nitapanda na springi yangu milima ya Ruangwa, nitafute huko. Lakini hapa hamna kitu. Haya, ninyi wanne, nani alitangulia kupiga magoti?"

"Labda trekta la springi yako," mmoja anatania.

Mwanne anatokea mlangoni. "Semeni, wanangu. Mizigo nimeshafunga."

Kaimu, mpwa wa marehemu na mmoja wa wale wabebaji, anavua kofia.

"Mimi, mama. Tangu msikitini watu walikuwa wakininong'oneza kwamba kwako litagoma. Nilipouona mlango wako tu, magoti yakalegea yenyewe, nikawavuta na wenzangu chini."