Nilimkatalia Mama Véro kuonja unga kwa sababu ya simu

Wakuu, habari za leo. Niko Lubumbashi, na nina hasira kwelikweli. Haya yamenipata mimi mwenyewe, chumvi sijaongeza hata punje.

Mimi ni mtu wa Butembo. Vita vilitukimbiza, nikahamia huku, nikafungua dépôt, ghala la kuuzia unga wa mahindi, pale Kenya. Kenya ya huku ni commune, sehemu ya mji huu, wakuu, msinianzishie ubishi.

Basi unga ukapotea mjini. Mpaka wa Zambia, unakotoka unga wetu, leo umefungwa, kesho umefunguliwa nusu. Watu wanapanga foleni na mabeseni tangu asubuhi.

Sasa huku kuna desturi. Camion, lori la unga, ikifika, mama mkubwa kuliko wote kati ya wanaonunua magunia kwenda kuuza mitaani anachagua gunia lolote, anafungua, anaingiza mkono mpaka kiwiko. Ananusa, anaonja. Akitema, camion inarudi na mzigo wake.

Pale kwangu alikuwa Mama Véro, mjane wa mtu wa reli. Hakuwahi kukosea.

Mimi nikajiona mjanja. Nikaleta digital. Agent wangu wa Mokambo, kule mpakani, anatuma picha za unga kwenye groupe ya simu, akina mama wanachagua na kulipa hukohuko. Gunia linafika na étiquette, kikaratasi chenye jina la mwenyewe.

Foleni ikaisha! Nikasifiwa mpaka kanisani. Kichwa kikavimba.

Siku camion ilipoingia, Mama Véro akaja mkono wa nguo umeshakunjwa.

"Patron, acha nionje kwanza."

"Mama, kila mufuko iko na mwenyewe. Nikifungua ya muntu, nitamwambia nini? Photo si uliiona?"

"Photo haina harufu, papa. Sisi tunaonjaka mbele ya kubeba."

Wakuu, nilimjibu mbele ya watu: "Mama, hayo ni ya zamani." Wengine wakacheka. Akabeba gunia lake, akaenda.

Mnaona ujinga wangu? Zamani gunia halikuwa la mtu mpaka lionjwe. Mimi nililigawa likiwa bado Mokambo, kwa hiyo hakukuwa na gunia la kufungua tena. Étiquette zangu mwenyewe zilinifunga mikono.

Kesho yake mchana Mama Véro akarudi na wenzake. Hakupiga kelele. Akawasha makala mbele ya mlango wangu, akachota unga wa gunia lake, akasonga bukari, ugali wa huku. Akaweka sahani mbele yangu.

"Kula, patron."

Ilinuka ukungu kabla sijaigusa. Ule unga ulilowa, ukakaushwa, ukasagwa tena. Nikatia tonge moja mdomoni, nikalitema.

"Batoto ba bantu balikula hii jana," akasema. "Balilala na matumbo ya kuuma. Bananiuliza mie, habakuulize wewe."

Nilimrudishia kila mmoja pesa zake. Lakini hayo si kitu. Yeye ndiye aliyeuza unga ule kwa majirani zake, kwa jina lake, kwa sababu mimi nilimzuia mkono.

Na yule mshenzi wa Mokambo? Amenifungia kwenye simu. Picha zake bado ziko hewani, unga mweupe pee, watu wanamwekea vidole gumba. Mungu anamwona!

Sikatai simu, wakuu. Simu inaita mteja, inapunguza foleni. Lakini ukiona kazi ya mtu ni ya zamani, uliza kwanza ilikuwa inazuia nini. Mimi sikuuliza.

Sasa étiquette nabandika baada ya kuonja. Ila anayeonja si Mama Véro. Yeye hupita mlangoni kwangu kila asubuhi kwenda dépôt ya mbele, ananisalimia vizuri kabisa, wala hasimami.

Nimeenda kwake mara mbili, amenipa kiti na maji, ya unga hataki kusikia. Wenye kujua wanisaidie: mama wa hivi anaombwaje msamaha? Na mnaotaka kunitukana, karibuni, nafasi ipo.