Baba Alipoanza Kupungua

Harufu ya njugu za kukaanga, zile zilizofungwa kwenye karatasi ya gazeti, hunirudisha kwenye jumba la sinema mjini Nakuru nikiwa darasa la pili. Baba alikuwa dereva wa trekta huko Mau Narok, mtu wa mabega mapana. Ngano ilipokwisha kuvunwa, alikuja nyumbani akatupeleka sinema, mimi na dada yangu Wambui.

Siku hiyo tuliona mtu aliyekunywa dawa akapungua hadi akawa kama siafu. Alipenya kwenye tundu la kufuli, akawarusha majambazi ukutani kwa ngumi moja. Nilishangilia mpaka njugu zikamwagika.

Wambui alikuwa kidato cha pili na alipenda sayansi kuliko chakula. Alianza kuikosoa sinema kabla hatujafika barabarani.

"Huo ni uongo. Kama uzito wake ulibaki vile vile, angetoboa sakafu azame. Na kama uzito uliisha, hiyo ngumi ingemwangusha nani?"

"Lakini siafu ana nguvu," nikasema.

"Siafu anabeba punje, habebi mtu. Na huyo angekufa na baridi kwanza. Chai ya kijiko si inapoa kabla ya chai ya birika?"

"Wambui, wachia mtoto sinema yake," Baba akasema, akicheka.

Mwaka uliofuata aliletwa nyumbani kabla ya mavuno, akiwa na uvimbe tumboni. Hospitali ilimlaza, kisha ikamrudisha kwetu. Akaanza kupungua. Mabega yalitangulia, mashavu yakafuata, hata koti lake la kazi likaonekana limemmeza. Nyinyi mngeogopa. Mimi sikuogopa, kwa sababu nilikuwa nimeona sinema: nguvu haziendi popote, zinakusanyika tu. Asubuhi moja nikampelekea chupa ya jemu iliyokataa kufunguka. Aliishika mpaka mishipa ya shingo ikamsimama, kisha akanirudishia.

"Anza wewe," akasema. "Ikilegea kidogo, niletee nimalizie."

Mwezi wa Januari, jua likichoma mabati, Baba alitetemeka chini ya mablanketi. Mama alimbeba peke yake hadi uani ili aote jua, na hata hakuhema. Nikamfuata Wambui jikoni, alikokuwa akipasha tofali moto la kumwekea Baba miguuni. Nikamuuliza nguvu za Baba zimeenda wapi.

Hakugeuka. "Ziko," akasema. "Zimejibana ndani, kama za yule mtu wa sinema."

"Si ulisema ni uongo?"

"Nilikosea."

Nikatoka kwenda kucheza, roho imetulia.

Baba alifariki kabla ya mvua kuanza. Nadhani pale nyumbani ni mimi peke yangu niliyeshtuka. Wambui hakulia. Alipokea wageni, akapika chai, akaosha vikombe, na shangazi zetu wakanong'onezana kwamba msichana huyu ana moyo wa jiwe. Nami niliamini hivyo kwa miaka mingi.

Sasa nina binti wa umri aliokuwa nao Wambui wakati ule. Nikimwona amelala, kinywa wazi kama mtoto, ndipo ninapoelewa. Tangu Baba aombe blanketi la pili, Wambui alijua kitakachofuata, na kitakachofuata baada ya hapo, hadi mwisho. Mimi nilikuwa naye wa kunidanganya. Yeye hakuwa na mtu.