Ndoo ya Lita Ishirini na Mabega Yangu

Eda yangu ilikwisha Ijumaa ya pili ya mwezi wa Juni, muda mfupi baada ya alasiri. Naitaja siku kwa usahihi kwa sababu nilijifunza kuandika tarehe ukubwani, katika darasa la jioni, nikiwa tayari nina wajukuu, na tangu hapo sikosi nafasi ya kujionyesha. Kesho yake asubuhi niliinamia ndoo ya lita ishirini kwenye bomba la uani ili nijitwishe. Ilifika kifuani ikagoma. Miezi minne na siku kumi nilikuwa nimekaa ndani, wifi yangu akinichotea maji, na mikono yangu ilikuwa imekwenda likizo bila kuaga.

Wifi, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa bado mlangoni na mzigo wake wa kurudi Kiwangwa. Aliliona tukio zima. Alisema, kwa upole ulioniuma kuliko kejeli, kwamba mwanamke asiyeweza kujitwisha maji hawezi kuachwa peke yake Bagamoyo; mwisho wa Agosti angekuja kunichukua nikaishi kwake, katikati ya mananasi. Ningeweza kumwomba jirani anitwishe, kama wanawake wote wanavyotwishana. Sikuomba. Nyumba ile mimi na mume wangu tuliijenga chumba baada ya chumba, na sikuwa tayari kuipoteza kwa sababu ya ndoo.

Nikaenda kwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, binti anayefundisha wanawake katika ukumbi mmoja wa mjini. Alinipa shikamoo, akaniita bibi, nikamrekebisha. Alinikalisha kwenye kiti, mgongo wima, akanipa chupa mbili za maji niziinue kutoka mabegani mpaka mikono inyooke juu ya kichwa. Nilimwuliza kama hana kitu chenye hadhi zaidi.

"Leo chupa, mama," akanijibu. "Hadhi itafuata."

Chupa zenyewe zilinitetemesha kama mwenye homa. Baadaye alinisimamisha, niinue mkono mmoja mmoja, ili kiwiliwili kijifunze kutolalia upande. Kisha yote miwili kwa pamoja, nikikunja magoti kidogo na kujisukuma kwa miguu. Nyumbani sikuwa na vyuma, nikachukua mchi wa kinu. Niliulaza juu ya kifua, chini ya shingo, nikabana tumbo, nikaupandisha mpaka viwiko vikanyooka. Nikajiona mwanajeshi. Kioo cha kabati kilikuwa na maoni mengine.

Jumanne moja ya Julai nilisahau mlango wa ua wazi. Mchi ulikuwa juu kabisa pale jirani wa ng'ambo ya uchochoro, ambaye ni mkubwa wangu kwa umri, aliposimama kizingitini. Nikamwamkia. Mtu mwingine angeushusha mchi kwanza. Mimi niliona kuushusha mbele yake ni kukiri kushindwa, na kumkatiza salamu mtu mzima ni utovu wa adabu. Akaniuliza habari za watoto, za wajukuu, za wa Kiwangwa, na za mguu wa binamu yangu wa Mkange. Yote niliyajibu mchi ukiwa hewani. Tulipofika kwenye mguu, mikono ikalegea. Mchi ukaangukia beseni la plastiki, likapasuka.

"Ulikuwa ukitwanga nini, mwenzangu?"

"Hewa, dada."

"Ikilainika utugawie."

Habari ilifika Kiwangwa kabla sijanunua beseni jingine. Alhamisi ya wiki ileile wifi aliingia, bila kungoja Agosti, na mabegi mawili matupu ya kunifungia vitu. Nilipomweleza kuhusu mazoezi, alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayeweweseka.

"Wifi, watu wanasema unapigana na mchi. Sikuachi hapa."

"Keti kwanza unitazame," nikamwambia.

Nikaijaza ndoo mpaka ukingoni, ingawa nusu ingetosha kunistiri. Nikakunja ngata, nikaiweka kichwani. Ndoo ikapanda pajani, ikapanda kifuani. Nikakunja magoti kidogo, nikabana tumbo, nikasukuma. Ikapita usoni, ikanimwagia shingoni, ikakaa. Nikauzunguka ua taratibu kama bibi harusi.

Nilipolikaribia pipa la maji pembeni mwa ua ndipo nikagundua kwamba kushusha ndoo iliyojaa kutoka kichwani lilikuwa somo ambalo sikulifikia. Nikazunguka tena, nipate muda wa kufikiri. Nikazunguka tena. Wifi akauliza kama maji yale yana safari.

"Wifi," nikasema, shingo imekakamaa, "njoo unitue."

Aliinuka polepole kwa makusudi, akashika upande mmoja, mimi mwingine, tukaishusha. Akacheka mpaka akaketi chini. Alipomaliza kujifuta machozi, akayakunja mabegi yake, moja ndani ya jingine, akasema atalala siku mbili tu kisha atarudi kwake. Mimi nibaki na nyumba yangu.

Nilimshukuru kwa hadhi inayostahili, mikono nimeificha ndani ya khanga, maana haikuwa ikiniitika tena.