Nilimfokea Furaha Akakimbilia Ziwani

Bado naikumbuka asubuhi ile ya Minago, kando ya ziwa, mwanangu, wewe unayeanza kufundisha. Nilikuwa nimepata diplomi yangu ya shule ya jioni, na wiki ya kwanza ya ualimu nilijiona nina akili kumshinda Suleimani.

Darasani alikuwamo Furaha, binti wa miaka saba, aliyekuja na mama yake kutoka Kivu. Kungoja zamu kulimshinda. Siku hiyo alipaza sauti, "Miye! Miye, mwalimu!" mara mia tano, basi nikamruka makusudi, chaki nikampa mwingine. Akaipiga meza teke. Nikafoka, "Tulia!" Akalia. Nikafoka zaidi, nadhani ng'ambo ya ziwa, huko Kongo, walidhani ni radi. Kufumba na kufumbua, mtoto katoka mlangoni, kashuka ufukweni, kaingia ziwani mpaka kifuani! Lo! Nami bado nafoka, "Rudi hapa!" Kila nikifoka, anazidi kwenda ndani.

Direktrisi wetu, mkuu wa shule, mama mtu mzima, akafika mbio. Akaanza na mimi, mbele ya watoto: "Mwalimu, keti chini. Nyamaza." Nilishtuka kama nimezabwa kofi. Kisha akaingia majini na kitenge chake, polepole.

"Furaha, mama, umekasirika. Najua. Miye niko hapa. Tupumue pamoja."

Wakapumua, wakapumua, mpaka mtoto akanyoosha mkono mwenyewe.

"Huyu iko mutoto, bado anajifunza kujizuia," aliniambia baadaye akikamua kitenge. "Utulivu anauchota kwako. Na weye ulikuwa unachemka! Atachota nini?"

Nikashika pindo la pili la kitenge, nikamsaidia kukamua, mimi na diplomi yangu.

Mwanangu, samaki mkunje angali mbichi, sikatai; lakini ukimkunja kwa hasira atavunjika na ubichi wake. Usimwambie mtoto "tulia" huku wewe unatetemeka. Pumua kwanza. Mtajie anachokihisi, maana hasira asiyoijua jina hawezi kuishika. Na akiwa ametulia, ndipo umfundishe la kufanya moyo ukipanda: Furaha tulimpa kiti karibu na dirisha, aende mwenyewe, arudi mwenyewe. Mwanzoni alikwenda mara elfu kwa siku, nusura kiti kiote mizizi! Lakini alirudi. Zamu yake usimnyime kamwe. Mtoto hujifunza kungoja akiamini kwamba anachongojea kitamfikia.

Mungu akupe pumzi ndefu, na kila mtoto uliyekabidhiwa asubuhi, umrudishe kwa mama yake akiwa mzima.