Mipira Miwili ya Mashine ya Maji

Mimi ni fundi wa mabomba, na wiki iliyopita nilijiaibisha mchana kweupe huko Mautuma. Kikundi cha akina mama kilinunua mashine ya kutoa chumvi kwenye maji ya kisima chao. Sikuwahi kufunga mashine kama hiyo, lakini niliwaambia nimefunga nyingi. Ilikuwa na mipira miwili ya kutolea maji, mmoja wa maji matamu na mwingine wa maji yenye chumvi iliyochujwa, lakini inayofanana kabisa. Bila kusoma maelezo, mmoja niliuunganisha na bomba la kunywa, mwingine nikaupeleka nje mtaroni.

Siku ya uzinduzi, mwenyekiti wao, Mama Nafula, alipiga funda la kwanza mbele ya wageni wote. Akakunja uso.

"Fundi, mbona haya yana chumvi kushinda ya kisima?"

"Ni ulimi tu, Mama. Mtazoea."

Wageni wakanywa kwa adabu, wakitazama chini. Ndipo mama aliyekuwa akiosha vikombe kwa maji yaliyokuwa yakimwagika mtaroni akapaza sauti: "Njooni muone! Sabuni haitoangi povu hapa, lakini leo linafurika!"

Mama Nafula akatoka nje, akakinga gilasi kwenye ule mpira wa mtaroni, akanywa yote. Kisha akanigeukia.

"Fundi, kumbe maji matamu umeupa mtaro."